Uingereza imelinda mashine ya kutolea noti. Na duka la kuzitumia je?

#1 Mpiga Kasia (mleta uzi)

Wakuu salaam, mlioko nyumbani na mlioko ughaibuni.

Leo nataka tuongee hela. Si kuzitafuta, hiyo ina nyuzi zake humu. Naongelea haki ya kuzishika mkononi. Huku Uingereza kuna sheria ilipita mwaka 2023, na sasa kuna mvutano juu ya kipande kilichoachwa nje. Waswahili wengi wa huku naona hawana habari, na wakati mambo yenyewe yanatugusa sana. Msimamo wangu nauweka mapema ili mjue mnabishana na nini: sheria iliyopo imelinda nusu. Imekuhakikishia kupata noti, haijakuhakikishia kwamba kuna mtu atazipokea.

Kwanza hali ilivyo. Matawi ya benki yanafungwa kila kukicha. Which?, shirika la kutetea walaji, limekuwa likihesabu, na tangu Januari 2015 yamefungwa zaidi ya 6,000. Kuna miji midogo iliyokuwa na matawi manne kwenye barabara kuu, leo hakuna hata moja. Majengo yamegeuka vinyozi na migahawa ya kahawa. ATM zilipita 70,000 miaka ya 2015 hivi, sasa ziko chini ya 50,000. Watu nao wamehama: umoja wa mabenki, UK Finance, unasema mwaka 2024 noti na sarafu zilikuwa asilimia 9 tu ya malipo yote. Miaka kumi na tano nyuma zilikuwa zaidi ya nusu.

Mtu atasema hayo ndiyo maendeleo, watu wamechagua wenyewe. Kwa sehemu ni kweli. Lakini hebu tazama ATM inavyoishi. Ukitoa pauni 50 bila makato, haina maana hakuna aliyelipa: benki yako inampa mwenye mashine ada ndogo kwa kila muamala, kupitia mtandao unaoitwa Link. Watoaji wakipungua, ada zinapungua, ilhali pango, umeme na gari la kubeba fedha viko palepale. Halafu mwaka 2018 ada yenyewe ikaanza kupunguzwa. Wenye mashine wakapiga hesabu, wengine wakazing'oa, wengine wakazigeuza ziwe za kulipia. Na hizo za kulipia utazikuta sana mitaa ya watu wa kipato kidogo, ambako mtu anatoa pauni 10 na kukatwa karibu pauni 2. Mwenye nacho hata hajui kama mashine za namna hiyo zipo.

Machi 2019 jopo huru lililoongozwa na Natalie Ceeney likatoa ripoti: asilimia 17 ya watu wazima, zaidi ya milioni 8, wangepata taabu kuishi kama noti zingetoweka. Wazee wamo, lakini kilichojitokeza zaidi ni umaskini kuliko umri.

Ndipo ikaja Sheria ya Huduma za Fedha na Masoko, iliyosainiwa Juni 29, 2023. Ni sheria nene ya mambo mengi, ila humo ndani kuna sehemu inayowabana mabenki makubwa kuhusu kutoa na kuweka noti. Hazina ikaweka kipimo: mjini watu karibu wote wawe na huduma ndani ya maili 1, vijijini ndani ya maili 3. Kwa akaunti ya mtu binafsi, kutoa na kuweka kuwe bila makato. Mamlaka inayosimamia mabenki, FCA, ikaandika kanuni, zikaanza kazi Septemba 18, 2024. Kiini chake ni hiki: benki ikitaka kufunga tawi au huduma muhimu ya noti, kwanza ifanyike tathmini. Ikionekana watu wataachwa na pengo, wazibe kwanza pengo, ndipo wafunge. Yaani ule mtindo wa kubandika tangazo mlangoni, kufunga na kuondoka umewekewa breki. Kufunga hakujakatazwa, someni vizuri hapo, maana magazeti mengine yaliandika kana kwamba matawi yameokolewa.

Kinachoziba pengo mara nyingi ni kile wanachokiita kituo cha pamoja cha mabenki. Vya kwanza vya majaribio vilifunguliwa Aprili 2021, Cambuslang huko Skotilandi na Rochford, Essex. Mwisho wa 2024 vilikuwa vimepita mia, na chama cha Labour kiliahidi 350 kabla ya uchaguzi ujao. Nimeingia kimoja mji wa jirani. Ndani ni kaunta ya Posta na foleni moja: wazee na vikapu vyao vya magurudumu, wenye maduka wameshika vimfuko vya plastiki vya sarafu, kila mfuko thamani yake. Pembeni kuna chumba kidogo, meza moja na viti, na mlangoni ratiba: Jumatatu benki hii, Jumanne ile, mpaka Ijumaa. Kutoa na kuweka ni siku yoyote, benki yoyote kati ya hizo kubwa. Ukiwa na tatizo la akaunti linalohitaji mtu wa benki yako, unasubiri siku yake. Si haba. Kwa mzee aliyekuwa anapanda basi mbili kwenda kuweka pensheni yake sawa, hii ni nafuu kubwa.

Sasa toka nje ya hicho kituo na noti zako. Mgahawa wa kwanza una kibao: kadi tu. Maegesho ya halmashauri nyingi yameng'olewa mashine za sarafu, unaambiwa pakua programu. Basi za London ziliacha kupokea hela taslimu tangu Julai 6, 2014. Viwanja vya mpira, sherehe za wazi, baadhi ya mabaa, hali ni hiyo hiyo. Kwenye sheria ya 2023 hakuna hata mstari mmoja unaomwambia mwenye duka apokee noti.

Aprili 2025 Kamati ya Hazina ya Bunge, chini ya Meg Hillier, ilitoa ripoti kuhusu jambo hili hili. Walisikia kutoka kwa watu wenye ulemavu wa kujifunza, ambao noti ndiyo hesabu wanayoielewa. Walisikia pia habari za wanawake waliokuwa wananyanyaswa majumbani: akaunti anaiona mume, kila senti anaiona mume, na noti alizoficha ndizo zitamlipia nauli siku ya kukimbia. Kamati ikaonya kwamba serikali huenda ikalazimika siku moja kuwabana watoa huduma wapokee noti. Waziri mdogo wa wakati huo, Emma Reynolds, alikuwa ameshawaambia kwamba hakuna mpango wa kulazimisha biashara yoyote, kubwa au ndogo.

Na sisi Waswahili tunaingiaje? Kuna bibi mmoja wa kwetu, Mzanzibari, yuko huku tangu zamani. Kila wiki anatoa hela zake na kuzigawa kwenye bahasha: ya umeme, ya sokoni, ya sadaka, ya mchezo (upatu). Umeme wake ni wa kulipia kabla, anapeleka ufunguo wa mita dukani kona ya mtaa, anatoa noti, wanamchajia. Bahasha ikiisha anajua imeisha, hakuna kudaiwa. Michezo ya akina mama wetu huku inaendeshwa hivyo hivyo, kijumbe anapita, noti zinahesabiwa mbele ya macho, zamu ikifika mtu anaondoka na mzigo wake. Kuna na wageni wapya ambao benki zinawazungusha miezi kwa sababu hawana bili yenye jina lao. Mtu wa hivyo analipwaje, analipaje?

Karibuni tujadili. Matusi hapana.

#2 Kijiti

Naweka kiti hapa. Ngoja nichemshe kahawa nirudi.

#3 Mangi wa Mjini

Mkuu uzi mzito, asante. Lakini kuna kitu sielewi. Noti imetolewa na Benki Kuu, ni fedha halali kisheria, sasa muuza chai anapata wapi jeuri ya kuikataa? Hapa Bongo umkatae mtu na elfu kumi yake halali, mtaa mzima utajaa hapo.

#4 Mpiga Kasia (mleta uzi)

@Mangi, swali zuri, na hata wenyeji wa huku wengi wanalikosea. Kwa sheria za Uingereza, fedha halali inahusu deni. Kama nakudai na umeniletea mahakamani kiasi kamili kwa fedha halali, siwezi tena kukushitaki kwamba hukulipa. Basi, imeishia hapo. Dukani bado hakuna deni. Umebeba mkate mpaka kwa keshia, hapo ndiyo mnapatana, na mwenye duka ana hiari ya kusema nauza kwa kadi, au nauza kwa noti, au sikuuzii. Ndiyo maana kibao cha mlangoni kinamlinda: masharti umeyaona kabla.

Kuna vituko humo. Senti moja na senti mbili ni fedha halali mpaka jumla ya senti 20 tu, kwa hiyo yule anayetishia kulipa faini kwa ndoo ya sarafu hana pa kushika. Na ukiwa Skotilandi, noti za mabenki ya Skotilandi, zinazotumika kila siku na kila mtu, kisheria si fedha halali, hata kwao wenyewe. Watu wanaishi tu kwa kuaminiana.

Mgahawa wa kukaa, ule wa kula kwanza ndipo ulipe, hapo mabishano yanakuwa na mwili kidogo kwa sababu deni limeshazaliwa. Lakini nani ana muda wa kwenda mahakamani kwa sahani ya chipsi.

#5 Duka la Kona

Naomba na sisi wenye biashara tusikilizwe. Nina duka la vyakula vya Kiafrika huku Midlands: unga wa sembe, mawese, samaki wakavu, mihogo. Napokea noti kwa sababu wateja wangu ndio hao bibi wa bahasha. Lakini msidhani noti ni bure. Watu wanaongelea makato ya mashine ya kadi, hawaongelei haya: jioni nakaa nahesabu, asubuhi nahitaji chenji, bima inapanda kwa hela inayolala dukani, na vijana wa mtaani wanajua. Tawi la benki yangu lilipofungwa, kuweka mauzo ikawa safari. Nafunga duka saa nzima, au namuacha mtoto wa dada yangu kaunta na roho juu.

Jirani yangu mwenye saluni alifika mahali akasema basi, kadi tu. Si kwamba anadharau maskini. Kachoka.

Kwa hiyo mkishabikia sheria ya kutulazimisha, kwanza mniambie hizo noti nitazipeleka wapi.

#6 Mpiga Kasia (mleta uzi)

@Duka la Kona, hapo umegusa mshipa wenyewe. Huo mzunguko ndio unaoua noti kuliko kitu chochote: tawi linafungwa, mwenye duka anashindwa kuweka mauzo, anaacha kupokea noti, wateja wanaona noti hazina kazi, hawatoi tena, ATM nayo inakosa wateja, inang'olewa. Kisha benki inasema, mnaona, hakuna mahitaji.

Ndiyo maana mimi siidharau sheria ya 2023. Waliongeza kuweka, si kutoa peke yake, na tathmini inatakiwa iangalie na mahitaji ya biashara ndogo. Hilo lilipiganiwa. Ila kuna kitu nakiona: bila upande wa pili, mabenki yatatumia mamilioni kutunza vituo ambavyo watu watavitumia kidogo kila mwaka, kisha baada ya miaka kadhaa waje na takwimu wadai sheria ilegezwe. Kituo kinaishi kwa sababu noti zinazunguka mtaani.

Kwa duka la saizi yako, mimi nakubali msamaha uwepo. Ninaowataka ni wale wakubwa: maduka makubwa ya vyakula, maduka ya dawa, mafuta, maegesho ya umma, vituo vya michezo vya halmashauri. Huwezi ukajengwa kwa kodi ya wote halafu mlangoni uwachague.

#7 Baridi Kali

Nawasalimu kutoka Norwe. Huku ndiko watu walipoacha noti karibu kuliko popote duniani, na huku ndiko wamelazimisha. Haki ya kulipa kwa noti ilikuwepo zamani kwenye sheria, lakini haikuwa na meno, maduka yalikuwa yanaikwepa. Wakairekebisha, na tangu Oktoba 1, 2024 mteja wa kawaida ana haki ya kulipa taslimu kwenye biashara yenye eneo la kudumu la kuuzia, na anayekataa anaweza kupigwa faini. Kuna mipaka: malipo yasizidi kroner 20,000, mashine za kuuzia soda hazimo, na sehemu zisizo na muuzaji hazimo.

Je, kuna foleni za watu na noti? Hakuna. Watu bado wanagusisha kadi. Yule anayehitaji ndiye anapata. Nilimwona mzee mmoja duka la dawa anatoa noti zilizokunjwa mara nne, binti wa kaunta akazinyoosha kwa kiganja, akafungua droo, akahesabu chenji, kazi ikaisha. Hakuna aliyegeuka kutazama.

Na sababu ya wakubwa wa huku haikuwa huruma peke yake, ilikuwa na usalama wa nchi pia. Wanaitazama Urusi hapo mpakani.

#8 Dada wa Likoni

Mimi naona mnawahurumia wazungu kwa tatizo la kujitakia 😄. Sisi Kenya M-Pesa imeingia 2007, mama mboga anapokea, mtu wa mkokoteni anapokea, hata zaka watu watuma kwa simu. Na hatukulazimishwa na mtu.

Tulipolazimishwa ndipo tulikataa! Mwakumbuka 2014 serikali ilivyotaka matatu ziache noti, kila abiria awe na kadi? Kadi zikaletwa, mashine zikaletwa, makanga (makonda) wakazitia chini ya kiti. Mpango ukafa kifo cha mende. Kumbe mwaka huo huo London waliweza. Tofauti ni kwamba makanga wa huku analipwa kutokana na mkusanyo wa siku, akipokea kwa kadi, hela zaingia kwa mwenye gari, yeye ale nini jioni?

#9 Mpiga Kasia (mleta uzi)

@Dada wa Likoni, shikamoo kwa hilo la mkusanyo, nilikuwa sijalisikia likisemwa wazi hivyo 😂. Na London waliweza kwa sababu dereva ana mshahara wake, noti zilikuwa mzigo kwake.

Lakini angalia ulichosema. Kenya mtu ana simu, na pembeni yake yuko wakala. Akitaka noti, anavuka barabara. Huku hakuna wakala wa mtaani, kulikuwa na tawi, likafungwa.

#10 Wakala Mstaafu

Ngojeni niwaambie ukweli wa hiyo "anavuka barabara". Nimefanya uwakala Tabora miaka mingi kabla sijaacha. Wakala akiwepo haina maana noti ipo. Mwisho wa mwezi, walimu wamelipwa, saa nne asubuhi floti ya noti imekwisha, namwambia mteja "njoo mchana". Msimu wa tumbaku ndiyo usiseme. Kijijini ambako wakala ni mmoja, akiwa amekwenda mjini kuchukua floti, kijiji kizima hakina hela siku hiyo, ingawa simu zao zimejaa.

Halafu makato. Nyie wa Ulaya mnabishania ATM ya pauni 2, sisi mtu akikutumia elfu hamsini lazima umkumbushe "weka na ya kutolea". Ile Julai 15, 2021 tozo ya miamala ilipoanza, nilishuhudia kwa macho yangu wateja wanarudi kwenye kutuma hela kwa dereva wa basi, imefungwa kwenye karatasi na namba ya simu juu. Serikali yenyewe ikaona, Septemba wakapunguza asilimia 30, na baadaye wakaendelea kuilegeza.

Kwa hiyo kama siku moja Bongo tutatunga sheria ya namna hii, isinakili ya Uingereza. Maili kutoka kwenye tawi haitatusaidia kitu. Iseme wakala awe na floti kiasi gani, na gharama ya kutoa hela yako mwenyewe isipite kiasi gani.

#11 Kijiti

Nimerudi. @Wakala Mstaafu post yako ndiyo bora humu, yule mleta uzi akasome.

#12 Chuma cha Reli

Naona mnapambana upande mmoja tu. Tuambizane ukweli: nani anapenda noti sana? Mkwepa kodi, muuza dawa za kulevya, mwajiri anayelipa watu chini ya kima cha chini nyuma ya jiko. Huko huko Uingereza Waswahili wenzetu wananyonywa kwenye magodauni na kusafisha majengo, wanalipwa kwa bahasha bila hati ya mshahara. Noti ndiyo inayomficha huyo mwajiri. Mimi sheria hii naona inatunza giza kwa jina la bibi.

Pia Benki Kuu ya Uingereza imechapisha noti za zaidi ya pauni bilioni 80 zilizoko nje. Kama malipo ni asilimia 9, hizo nyingine zimelala wapi? Chini ya magodoro ya nani?

#13 Mpiga Kasia (mleta uzi)

@Chuma cha Reli, hoja ya bahasha za mshahara naipokea, nimewaona watu hao. Ila anayelipa nyuma ya jiko hatazuiwa na mgahawa kukataa noti ya mteja. Anazuiwa na wakaguzi wa kazi, ambao ni wachache mno. Na utakatishaji fedha una sheria zake: jaribu kupeleka maelfu ya pauni benki bila maelezo uone. Ndiyo maana nimependa mpaka wa Norwe wa kroner 20,000, na muswada unaozunguka Bunge la Marekani unaoitwa wa Hiari ya Malipo umeweka dola 500. Hatuongelei kununua gari kwa begi la noti. Tunaongelea maziwa na panadol.

Marekani wenyewe, kwa taarifa yako, hawajasubiri Washington. Massachusetts wana sheria ya namna hii tangu 1978. Mwaka 2019 Philadelphia na jimbo la New Jersey wakafuata, 2020 jiji la New York likafuata. Huko hoja ilikuwa ya rangi na kipato moja kwa moja: wasio na akaunti ni weusi na walatino kwa wingi, kwa hiyo duka la kadi tu linakuwa linachuja watu bila kusema linachuja nani.

Kuhusu hizo bilioni 80, nyingi ni akiba za watu. Tazama Uswidi. Walikuwa wa kwanza kujisifu wanaacha noti, leo serikali yao ndiyo inayogawa kijitabu majumbani, toleo la Novemba 2024, kinachowaambia wananchi waweke ndani noti za kutosha angalau wiki moja, za thamani mbalimbali. Aprili 28, 2025 umeme ulipokatika Hispania na Ureno nzima, mashine za kadi zikazima, na mwenye noti mfukoni ndiye aliyenunua maji na mishumaa. Hapa Uingereza Januari 31 mwaka huo huo benki moja kubwa mifumo yake ilikwama siku ya mshahara, siku hiyo hiyo ndiyo mwisho wa kulipa kodi ya mapato. Watu walikuwa na hela na hawana hela.

#14 Mangi wa Mjini

Hapo kwenye mifumo kukwama nakazia. Oktoba 2025 intaneti ilipozimwa huku kwetu siku za uchaguzi, programu za benki kwenye simu ziligeuka picha. Nilikuwa na noti kidogo nyumbani kwa bahati tu. Jirani yangu mwenye mshahara mkubwa kuliko wangu alikuja kukopa ya unga.

#15 Dada wa Likoni

Uwiii. Aliomba kwa adabu au kwa suti?

#16 Mangi wa Mjini

Kwa kaptula 😂

#17 Duka la Kona

Turudi kwenye mada. @Mpiga Kasia, nimesoma yote. Nisamehewe mimi mdogo, wabanwe wakubwa, hapo tunaelewana. Australia nasikia wameenda njia hiyo: vyakula na mafuta kuanzia Januari 2026, wafanyabiashara wadogo wana msamaha. Hiyo inaingia akilini kuliko kutulaza wote kitanda kimoja.

Sasa niambie la kufanya. Mtaa wetu una watu wengi wa kwetu, Wasomali, Wakongo, wazee wa Kihindi. ATM ya mwisho isiyo na makato imeng'olewa, iliyobaki ni ya kulipia, na Posta iko mbali na haina pa kuegesha. Hiyo tathmini ya kanuni za FCA inaombwa na nani? Mpaka benki ifunge tawi? Sisi tawi letu lilishafungwa siku nyingi.

#18 Mpiga Kasia (mleta uzi)

Hapana, huhitaji kusubiri tawi lifungwe. Mtu yeyote anayeishi au kufanya kazi hapo anaweza kuomba: mkazi, mwenye duka, msikiti, kanisa, diwani, mbunge. Ombi linakwenda Link, wao ndio waratibu, fomu iko kwenye tovuti yao. Ukikwama na Kiingereza cha fomu, mtafute kijana aliyesoma huku, ni fomu fupi.

Usiandike "tunahitaji ATM" ukaishia hapo. Wao wanapima umbali, idadi ya watu, idadi ya maduka, na kama kuna watu wenye mahitaji maalumu. Kwa hiyo waandikie hivi vitu: mashine iliyobaki ni ya kulipia na inakata kiasi gani. Posta saa za kufungua na kufunga. Basi gani inakwenda huko, inapita kila baada ya muda gani, na kama mzee mwenye mkongojo anaweza kupanda kile kilima. Umbali kwenye ramani na umbali wa mguu si sawa, hasa kama kuna reli au barabara kuu katikati, na hilo wasipoambiwa hawalioni. Na wewe kama mwenye duka andika habari ya kuweka mauzo, si kutoa tu, maana wengi wanasahau na ndiyo inayoweza kuwapa mashine ya kuwekea noti.

Wakikataa, wanatakiwa waseme sababu, na unaweza kuomba waangalie upya. Hapo mpelekee mbunge wako nakala.

#19 Duka la Kona

Sawa. Jumamosi baada ya alasiri nawakusanya dukani. Yule bibi wa bahasha kama yuko karibu nasi, mlete.

#20 Mpiga Kasia (mleta uzi)

Yuko mji mwingine, lakini nitamwuliza kama ana ndugu huko kwenu. Niandikie inbox jina la mtaa, nikusaidie kuangalia ramani ya ATM kabla ya hiyo Jumamosi.